Barly Baruti, mwana wa Kisangani aliyechora vita vilivyopita kwenye reli ya Katanga

Katikati ya mwaka 1915, treni iliyotoka Élisabethville ilipita upande huu wa Likasi ikibeba mzigo wa ajabu: mashua mbili za kivita za Uingereza, kila moja imelazwa juu ya kitanda chake cha mbao. Moja iliitwa Mimi, nyingine Toutou. Zilikuwa zimetoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa reli kupitia Rhodesia mpaka Katanga. Reli iliishia Fungurume. Kutoka pale zilivutwa na trakta za mvuke, ng'ombe na mamia ya wanaume wa vijiji kwa zaidi ya kilomita 200, juu ya milima ya Mitumba, mpaka Sankisia. Treni nyingine ikazipeleka Bukama, zikashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, na reli ya mwisho ikazifikisha Lukuga, mji ambao leo tunauita Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa ya pili, Hedwig von Wissmann. Ikabaki ile kubwa kuliko zote kwenye Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen.

Historia hii imeandikwa mara nyingi huko Ulaya, na karibu kila mara anayetangulia ni kamanda wa mashua hizo, Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majivuno aliyependa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Waliokata miti, waliojenga madaraja zaidi ya 100 na wanawake waliojaza maji ya trakta kwa vyungu mahali ambapo mito ilikuwa imekauka, hao wanatajwa kwa hesabu tu. Majina hakuna.

Mwaka 2014, karibu miaka 100 baadaye, nyumba ya uchapishaji ya Ufaransa, Glénat, ilitoa kitabu cha BD kuhusu vita hivyo vya ziwa. Kwenye jalada kuna majina mawili: Christophe Cassiau-Haurie, Mfaransa aliyeandika hadithi, na Barly Baruti, Mkongomani aliyechora. Kitabu kinaitwa Madame Livingstone.

Ndani yake, rubani Mbelgiji Gaston Mercier anafika ziwani na kazi moja, kuzamisha Graf von Götzen. Anapewa mtu wa kumwongoza, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na anayesema kwamba yeye ni mtoto wa David Livingstone. Wazungu wa kambini wanamcheka, wakampa jina la kike: Madame Livingstone. Msomaji anayemjua Spicer-Simson na sketi yake atacheka mara mbili. Mzungu akivaa sketi ni mtu wa vituko vyake na kitabu kinaandikwa juu yake. Mwafrika akivaa sketi anapewa jina la kumdharau.

Lakini angalia ni jina la nani lililowekwa kwa herufi kubwa mbele ya kitabu. Rubani hakuwekwa, na meli pia haikuwekwa. Limewekwa lile jina la dharau, na ukishamaliza kusoma, dharau imekwisha ndani yake. Kwa mchoraji aliyeanza kazi Zaïre ya miaka ya 1980, hiyo ni safari ndefu, na ndiyo tunayotaka kuieleza hapa.

Kutoka Kisangani

Barly Baruti, kwa jina kamili Baruti Kandolo Lilela, alizaliwa tarehe 9 Desemba 1959 Kisangani, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Ni mtu wa kizazi kilichokua na BD za Ubelgiji mkononi: Tintin, Spirou na wenzao, vitabu vilivyopita mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalegea. Lakini kizazi hicho kilikuwa pia na BD zake. Mwaka 1968 Kinshasa ilipata gazeti la Jeunes pour Jeunes, lililowaleta wahuni, wapelelezi na masapeur wa Kikongomani, wakizungumza Kifaransa kilichochanganywa na maneno ya mtaani. Vijana wengi waliofika kuwa wachoraji walianza kwa kunakili gazeti hilo.

Kazi yake ya kwanza kujulikana ni Le Temps d'agir ya mwaka 1982, BD juu ya mazingira. Si ajabu ianzie hapo. Kwetu, BD nyingi zilitoka kwa sababu kuna mwenye kulipa: wizara, shirika, kanisa. Mchoraji anaagizwa kufundisha watu kunawa mikono, kutokata miti, kupeleka mtoto kwenye chanjo. Wasanii wengine huona aibu kuitaja kazi hiyo. Mimi naona ilikuwa shule. Anayeweza kumfanya mtu asimame mbele ya kitabu cha ushauri juu ya miti, huyo amejifunza kutengeneza ukurasa wa mbele.

Mwaka 1987 zilitoka BD zake mbili kwenye Afrique Éditions ya Kinshasa. Moja ni La Voiture, c'est l'aventure, na yeyote aliyesafiri na gari la kukodi katika nchi hii hahitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Nyingine ni juu ya mwanamuziki aliyekuwa tayari mfalme wa Kinshasa: Papa Wemba, Viva la Musica. Hesabu ya kibiashara hapa ni wazi kabisa. Watu ambao hawajawahi kununua kitabu wataununua uso wa Papa Wemba. Na Baruti mwenyewe ni mpiga gitaa, anaujua muziki kutoka ndani.

Mwaka 1990 alianzisha Kinshasa, pamoja na wenzake kama Thembo Kash, kituo cha kufundisha sanaa kilichoitwa ACRIA. Mwaka 1991 mji ukapata salon yake ya kwanza ya BD. Ni vizuri kukumbuka mwaka wenyewe. Mwezi wa tisa 1991 askari waliingia barabarani na Kinshasa ikaporwa. Mwanzoni mwa 1993 ikaporwa tena. Pesa ya Zaïre ilianguka mpaka bei ya karatasi ilibadilika kati ya asubuhi na jioni. Katika miaka hiyo Baruti alifika Brussels, na huko ndiko alikoanza maisha ya pili ya kazi yake.

Mwandishi wa hadithi Mfaransa Frank Giroud alifanya naye kazi kwanza kwenye Eva K., vitabu vitatu vilivyotolewa na Soleil kati ya 1995 na 1998. Kisha wakaanza Mandrill kwa Glénat: vitabu saba, kuanzia 1998 mpaka 2007. Na hapo kuna jambo linalopaswa kusemwa. Mandrill si hadithi ya Afrika. Ni Ufaransa ya baada ya Vita vya pili vya dunia, barabara zake, makoti yake, magari yake. Mchapishaji mkubwa alimpa Mkongomani nchi yake mwenyewe aichore, na wasomaji Wafaransa wakanunua kitabu cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Wachoraji wengi wa Afrika wanaofika Ulaya huambiwa kwa adabu wachore vita, njaa na wanyama. Baruti alitumia karibu miaka 10 akichora Wazungu kwa Wazungu, na alipofungua tena ukurasa wa Congo alifungua kama fundi ambaye hana tena wa kumwonyesha kitu.

Baada ya Madame Livingstone vilifuata Chaos debout à Kinshasa mwaka 2016, pamoja na Thierry Bellefroid, hadithi ya mtu wa Harlem anayefika Kinshasa mwaka 1974 kwa pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kisha Le Singe jaune mwaka 2018, tena na Cassiau-Haurie, kitabu kinachogusa watoto chotara wa ukoloni. Madame Livingstone yenyewe ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2021.

Mbele ya kitabu

Jalada la BD linaonekana kazi ndogo. Picha moja, kichwa cha habari, majina, basi. Lakini ulizia yeyote anayefanya kazi hii: kurasa za ndani zinasomwa na mtu ambaye tayari amenunua. Jalada linasema na mtu anayepita.

Kwa BD za Ufaransa na Ubelgiji, kwa kawaida aliyechora kurasa za ndani ndiye anayechora pia jalada. Anatoa michoro midogo kadhaa ya majaribio kwa penseli. Mchapishaji anaitazama pamoja na watu wake wa biashara, ambao mara nyingi hawajasoma hadithi yote, na ni sawa, kwa sababu mnunuzi pia hajaisoma. Wanachagua mmoja. Mchoraji lazima aache nafasi tupu juu kwa ajili ya kichwa, ahesabu mgongo wa kitabu, na kukumbuka kwamba ukingo utakatwa na mashine. Mtu anayechora vizuri kurasa 100 anaweza kushindwa na jalada moja, kwa sababu ndani ya kitabu picha inasaidiwa na ile iliyotangulia na ile inayofuata. Mbele ya kitabu iko peke yake.

Katika Madame Livingstone Baruti alipaka rangi mwenyewe, moja kwa moja juu ya karatasi ya mchoro, badala ya kumwachia mtu mwingine aongeze rangi baadaye. Njia hiyo ni ngumu: ukikosea anga, umekosea ukurasa mzima. Lakini inampa mchoraji ziwa lake mwenyewe, jua lake na vumbi lake. Anayejua Tanganyika saa kumi na moja ya jioni, pale Kalemie au Uvira, anajua kwamba rangi ile haipatikani kwa kubonyeza kitufe.

Na mambo yaliyochorwa yalikuwepo. Ndege zile za majini aina ya Short, Uingereza ilizikopesha Ubelgiji, nne, zikafikishwa ziwani vipande vipande na kuunganishwa huko. Katikati ya mwaka 1916 zilidondosha mabomu Kigoma. Graf von Götzen haikufa kwa mabomu hayo: Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokimbia, Waingereza wakaitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Wazee wa Kalemie na Moba wanalijua jina hilo bila kupita kwenye BD yoyote.

Sasa linganisha na jalada lingine, ambalo kila Mkongomani amewahi kuliona hata kama hajawahi kufungua kitabu. Tintin au Congo. Hergé alianza hadithi hiyo mwaka 1930 bila kukanyaga Congo, na hakuikanyaga mpaka alipokufa. Kwenye jalada la toleo la rangi la mwaka 1946, Tintin ameshika usukani wa gari kuukuu, kofia ya kikoloni kichwani, mbwa wake karibu, kijana Mwafrika, Coco, amepanda kama abiria, twiga anatazama. Katika picha hiyo moja mgeni ndiye dereva na mwenyeji anabebwa. Mkongomani anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka kitabu hicho mbele ya sheria kule Brussels kuanzia mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kukizuia. Wakati huohuo, mafundi wa Kinshasa wanachonga jalada lilelile kwa mbao, wanalipaka rangi na kuwauzia watalii. Watu hucheka juu ya jambo hilo, lakini fundi yule anajua kitu ambacho mahakama haikuulizwa: picha ile inauza.

Ndiyo maana jina la Madame Livingstone mbele ya kitabu si jambo dogo. Halikumfukuza Tintin dukani. Vitabu hivyo viwili vinaweza kukaa kwenye rafu moja, na mtoto achague.

Kuhusu malipo, tuseme wazi, kwa sababu vijana wanauliza. Mchoraji wa Ulaya anapata kwanza pesa ya kutangulia, inayohesabiwa mara nyingi kwa ukurasa, kisha sehemu ya bei ya kila kitabu, kama asilimia 8 mpaka 10, ambayo anagawana na mwandishi wa hadithi. Na hiyo asilimia haanzi kuiona mpaka kitabu kirudishe ile pesa ya kutangulia. Jalada, kazi inayoweza kuchukua majuma, linahesabiwa mara nyingi kama ukurasa mmoja, au halihesabiwi kabisa. Wachoraji wa Ufaransa wenyewe wanalilalamikia jambo hilo.

Njia ya Marekani

Marekani utaratibu ni mwingine. Kule mchoraji wa jalada ni kazi yake peke yake. Kuna watu wanaoishi miaka mingi kwa majalada tu, bila kuchora ukurasa hata mmoja wa ndani. Gazeti la BD linatoka kila mwezi, kurasa chache, na jalada linatangazwa kwa wauzaji miezi kabla ya hadithi kukamilika. Kwa hiyo jalada wanampa mtu mwenye jina linalouza.

Mkongomani aliyeupima utaratibu huo ni Pat Masioni. Alizaliwa mwaka 1961, akasoma kwenye Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, akachora miaka mingi BD za kidini na za hadithi za kale kwa wachapishaji wakatoliki wa Kinshasa, kisha akakimbilia Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 lilitoka buku la kwanza la Rwanda 1994, alilolichora juu ya mauaji ya kimbari, na la pili likafuata mwaka 2008. Mwaka 2009 Vertigo, tawi la kampuni ya DC ya New York, lilimpa sehemu ya Unknown Soldier, mfululizo wa Joshua Dysart juu ya vita vya kaskazini mwa Uganda. Akawa kati ya Waafrika wa kwanza kuchora kwa kampuni ile ya Batman. Alichora ndani. Jalada lilikuwa kazi ya mchoraji mwingine.

Sisemi hayo kumpunguza Masioni. Nasema ili kijana anayetuma michoro yake Marekani kwa simu ajue mlango gani ni mlango gani. Kuna hatua kati ya kuingia ndani ya kitabu na kufika mbele yake.

Mtaani Kinshasa kulikuwa na mwingine ambaye hakungoja mlango wowote. Mfumu'eto, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, alichora, akaandika kwa Lingala, akachapa kwenye karatasi ya bei ya chini, akauza kandokando ya barabara. Kitabu kilichomfanya ajulikane kilionyesha joka likimmeza mwanamke katikati ya mji na kutapika dola. Hakuwa na watu wa biashara wa kumchagulia jalada. Alikuwa na wapita njia, na picha yake ilipaswa kuwasimamisha pale pale au asile siku hiyo. Chéri Samba naye alipita njia hiyo: alichora vibao vya maduka, akachora BD kwenye Bilenge Info mwaka 1975, na alipogeuka mchoraji wa makumbusho hakuacha kuandika maneno ndani ya picha.

Na huku kwetu

Katanga haikukosa picha za kusoma. Wakati wa Wabelgiji, gazeti la serikali Nos Images lilileta familia ya Mbumbulu, baba mwenye tai na mama mwenye nyumba safi, iliyofundisha Wakongomani jinsi ya kukaa mezani. Mwaka 1956 visa hivyo vilikusanywa kuwa kitabu. Kuanzia 1957 Union Minière ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, ambalo Gécamines iliendelea nalo, pamoja na Mwana Shaba Junior kwa ajili ya watoto. Lilifika kwenye kambi za wafanyakazi, na Likasi, iliyoitwa Jadotville mpaka 1966, ilikuwa mji wa kambi. Wengi waliokulia Panda na Shituru walijifunza kusoma picha kwenye karatasi ya kampuni kabla ya kujua neno bande dessinée.

Kisha kuna Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Hakuchora BD. Aliuza picha nyumba kwa nyumba katika miji ya migodi, picha za kutundika sebuleni. Lakini mwaka 1973 na 1974, kwa ajili ya Johannes Fabian, mwalimu Mjerumani aliyekuwa Lubumbashi, alichora zaidi ya picha 100 zinazofuatana: historia yote ya nchi, kutoka kabla ya Wazungu mpaka Mobutu. Alizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili chetu cha Katanga, na Fabian akanasa sauti. Kitabu kilitoka mwaka 1996 huko Marekani. Ukizipanga picha hizo meza moja, unaona BD isiyoshonwa. Kila moja ina maneno yake, kila moja inaweza kuwa jalada. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alipotea machoni pa waliomjua. Picha zake ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyoitwa zamani Tropenmuseum.

Karatasi za Mfumu'eto nyingi ziko Florida. Vitabu vya Baruti vinachapwa Ulaya. Mtu anaweza kukasirika akiona orodha hiyo, lakini pia ni lazima kuuliza nani hapa alikuwa tayari kuzilinda na mvua na panya.

Likasi leo ina mikono. Pita Kikula, angalia kuta za vinyozi, maduka ya simu, nganda, nyumba za kushona nguo: kichwa kilichonyolewa vizuri, kuku, chupa, Yesu, Messi. Ile ni kazi ya jalada hasa. Picha moja, maneno matatu, na mtu anayepita haraka ambaye unataka asimame. Wanaoifanya hawajiiti wachoraji wa BD, na kazi yenyewe inapungua, kwa sababu bango la plastiki linalochapwa kwa kompyuta linapatikana kwa siku moja, na sasa kompyuta inatoa hata picha bila kumwita mtu. Mwenye duka hana kosa. Anatafuta bei.

Wengine wamegeukia njia tofauti, na wanaonekana zaidi Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Sammy Baloji, ambaye picha zake za majengo yaliyokufa ya Gécamines zimezunguka dunia, alianza na BD kabla ya kushika kamera, na ni mmoja wa walioanzisha Picha, kituo kinachoandaa biennale ya Lubumbashi tangu 2008. Tétshim, mchoraji wa BD na wa katuni, pamoja na Frank Mukunday, wanafanya kazi kwa jina la Crayon de cuivre, penseli ya shaba. Filamu yao Machini ya mwaka 2019 ina dakika kama 10 na imetengenezwa kwa mawe na chaki: mawe yanasogezwa kidogo kidogo, yanapigwa picha moja moja, mpaka yanakuwa watu wanaotembea chini ya moshi wa kiwanda. Anayekaa karibu na Shituru ataelewa bila maelezo.

Kwa mtoto wa Likasi anayechora kwenye daftari la shule, hiyo ni mifano ya karibu kuliko Brussels. Lubumbashi kuna pia shule ya Beaux-Arts, iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951. Lakini mzazi atauliza mtoto atakula nini, na kazi ya Baruti inampa jibu lisilo la kupendeza: kazi za kuagizwa kwanza, miaka mingi, kisha kuondoka. Kazi yake nzuri zaidi juu ya Congo ameifanya akiwa na mchapishaji wa mbali, kwa msomaji anayeweza kutoa euro 20 hivi kwa kitabu kimoja. Ukizibadilisha kuwa franga, mama wa sokoni Likasi atakuambia ni chakula cha siku ngapi nyumbani kwake.

Kwa hiyo hadithi iliyopita na treni upande wetu mwaka 1915 inarudi kwa njia ndefu. Si kitabu utakachokikuta kwenye meza za wauza daftari. Anayekitaka amwombe ndugu anayetoka Ulaya, na amwombe mapema, kwa sababu kina zaidi ya kurasa 100 na jalada gumu, na mizigo ya ndege inalipwa kwa kilo.